Kadi ya Diani haikuruhusu kuzama timboni Juja, na aliyekuuzia vifaa anajua hivyo

Wadau, imetosha. Kila wikendi ni picha za watu wenye kadi ya uzamiaji waliyoipata baharini Diani, haijamaliza hata mwezi, mitungi mgongoni, wamesimama ukingoni mwa timbo la mawe Juja, Mlolongo ama Athi River. Wa kwanza kuwapigia makofi ni walewale waliowauzia vifaa. Swali la mwinuko hakuna anayeliuliza.

Haya, tulipige hapa hapa. Kadi yako ya kuanzia inasema usipite kina cha mita 18. Hizo ni mita za baharini, ambako hewa iliyo juu ya maji ina presha ya 1. Juja na Athi River ziko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa huko ni kama 0.83 tu. Kinachouumiza mwili ni presha kupungua mara ngapi unapopanda, kwa hiyo unagawanya 18 kwa 0.83, unapunguza kidogo kwa kuwa maji ya timbo hayana chumvi, unapata kama mita 21 za bahari. Umeshavuka mpaka wa kadi na kamba bado inasoma 18. Majedwali ya kawaida ya mbizi mwisho wake ni mwinuko wa mita 300. Ukipita hapo unazama kwa kina cha hesabu. Kasi ya kupanda inashuka pia, kutoka mita 9 kwa dakika hadi 7 na nusu. Zile dakika tatu za kusimama mita 5 kabla ya kutoka majini unazifanyia mita 4.

Na msiseme "kompyuta inajua", ile ya mbizi unayovaa mkononi. Nyingine zinajirekebisha zikiwashwa, nyingine zinataka uingize kiwango cha mwinuko kwa mkono, na wengi hawajafungua ukurasa huo wa kitabu chake. Geji ya kina ya mshale iliyofungwa kwa presha ya Pwani ndiyo mbaya zaidi: mshale hautoki sifuri hadi uwe umeshuka karibu mita 1.7. Kila inachosema, wewe uko chini zaidi ya hapo.

Ukitoka majini Juja, usikimbilie nyama choma Limuru. Hiyo ni kupanda tena karibu mita 700 na naitrojeni uliyoivuta ukiwa chini bado imo mwilini, tayari kutoa mapovu presha ikishuka. Na hapa naingia kwenye kosa linalofanywa na watu wenye akili zao timamu: anazama Diani Jumapili asubuhi, alasiri yuko ndani ya SGR, ati treni si ndege. Damu yako haijui umepandia nini. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, wa kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa ama siku kadhaa mfululizo, unahusu presha ya mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400. Nairobi imekaa katikati hapo. Lala Mombasa, panda ya kesho. Gari ni vilevile.

Sasa timbo lenyewe. Unga wa mawe uliotulia chini ni laini kuliko unga wa chapati. Piga fini (pezi la mguuni) moja vibaya na huoni geji iliyo kifuani pako, na hautatulia leo. Mwenzako yuko mita moja na humwoni. Kuta zimekatwa wima, kwa hiyo kuingia ni rahisi, unaruka. Kutoka na mtungi, risasi za kukuzamisha na wetisuti (suti ya mpira) iliyolowa ndio kesi. Mahali salama ni ile njia ya malori iliyozama, inashuka taratibu na unaweza kutoka kwa magoti. Kama timbo halina njia hiyo na hujafunga ngazi ama kamba, usiingie. Boza likiwa linavuta maji kwa pampu, usiingie. Timbo la jirani likiwa bado linalipua baruti, usikaribie hata kwa kunawa miguu: mshindo unasafiri ndani ya maji na kupasua mapafu. Kuna nyaya za winchi, mabati, magunia. Beba makasi mazito, lile jisu la filamu uliache nyumbani. Maji yaliyosimama yenye konokono yana kichocho, hilo mnalijua tangu darasa la nne.

Vifaa. Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Mtu ananunua mtungi kwanza kwa sababu ndio unaoonekana kwenye picha! Mtungi ndio wa mwisho, hata usipoununua kabisa si hoja, kwa sababu unakodiwa ukiwa umejazwa. Anza na miwani inayokukaa usoni: iweke bila mkanda, vuta hewa kwa pua, iache mikono; ikidondoka si yako. Fini. Wetisuti ya milimita 5, maana ile fupi ya Pwani hapa utatetemeka baada ya dakika ishirini, na anayetetemeka anamaliza hewa haraka. Kisha kompyuta. Regileta, kile kifaa cha kupumulia, baadaye.

Ukishindwa kujizuia na ukanunua mtungi wa mitumba, soma shingo. Mtungi wa alumini wa kawaida una lita 11.1 na umegongwa DOT-3AL3000, yaani baa 207. Tafuta mwezi na mwaka wa kipimo cha presha kwa maji: ni kila miaka 5, na ukaguzi wa ndani kila mwaka. Mitungi ya zamani ya aloi ya alumini ya 6351, ambayo Marekani iliacha kuitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1980, inapasuka shingoni polepole. Iache iwe ya mapambo. Ukiona rangi mpya inayong'aa, uliza imekaukaje. Kama ilichomwa kwenye tanuri la gereji ya magari na joto likapita nyuzi 175 hivi, alumini imepoteza nguvu, na rangi haitakwambia.

Halafu jamani, UACHE kuuita mtungi wa oksijeni. Ndani ni hewa hii hii, oksijeni asilimia 21. Jina hilo ndilo linalowapeleka watu kwa wauza gesi za kuchomelea. Oksijeni tupu ukipita mita 6 hivi inakuletea degedege, regileta inatoka mdomoni, basi. Na ikikutana na grisi ndani ya valvu kwa presha ya mtungi, inawaka.

Kwa wakufunzi na wauzaji: mnaosaini kadi na siku hiyo hiyo mnauza "seti kamili ya kuanzia" kwa mtu anayeishi Nairobi, na neno mwinuko halijatamkwa, mnajua mnachofanya.

*

Jibu la 1: FundiValvu

Umesahau risasi, mkuu. Maji yasiyo na chumvi yanakuelesha kidogo kuliko ya chumvi. Mtu na vifaa vyake wakiwa kilo 100, anatoa kama kilo 2 na nusu za risasi. Lakini wetisuti ya milimita 5 inarudisha sehemu ya hizo, kwa hiyo usinakili namba ya Diani wala usikisie. Pima risasi zako mtungi ukiwa na baa 50, si ukiwa umejaa. Hewa ya mtungi mzima wa alumini ina uzito wa zaidi ya kilo 2 na nusu. Ikiisha, mtungi unaanza kukuvuta juu, na pale mita 4 unapotakiwa kusimama unachomoka kama kizibo.

Regileta ya mitumba: tazama kichujio cha mdomo wa hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi. Kijani ni maji yaliingia, nyekundu ni kutu ya mtungi wa chuma. Bila kufungua valvu, vuta hewa mdomoni. Ikipita, kuna mpira umechanika. Kisha fungua valvu na ufunge geji ya presha kwenye mpira wa kujazia koti la kuelea: isimame baa 9 hadi 10. Ikipanda polepole huku hakuna anayepumua, kiti cha presha kimeliwa, na kabla hujalipa uliza kama vipuri vyake vinapatikana nchini. Bila hivyo umenunua pambo.

Jibu la 2: Mgeni_wa_Maji

Na kama kuna jamaa mwenye kompresa ya petroli nyumbani, anajaza bei rahisi?

Mwenye uzi:

Mwulize bomba la kuvutia hewa liko wapi. Likiwa upande ambao upepo unapeleka moshi wa injini, anakujazia kaboni monoksaidi, na haina harufu. Mwisho wake kwa EN 12021, kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, ni sehemu 5 kwa milioni, basi. Mwulize alibadilisha kichujio cha mkaa baada ya saa ngapi za kazi. Akihesabu kwa miezi badala ya saa, ondoka.

FundiValvu, asante, risasi nilizisahau kwa hasira.

Jibu la 3: BeiPoa_Vifaa

Nina mtungi safi kabisa, rangi mpya, haujatumika sana. Picha nimetuma inbox.

Mwenye uzi:

Umepiga mtungi mzima. Piga shingo.