Mitaa mikongwe ya mjini: tulinde kuta zake au tuwalinde wanaoishi humo?

Mleta mada

Wanajamvi, nawasalimu. Naleta mbele yenu swali ambalo kila mji wenye mitaa ya zamani hulazimika kulijibu, japo mara nyingi hujibiwa kijuujuu. Mitaa iliyojengwa kabla ya magari kuenea, ile yenye nyumba zilizoshikana, barabara nyembamba, maduka chini na wakazi ghorofani, shule na zahanati zikiwa mwendo mfupi kwa miguu, imekuwa ndiyo mitaa ambayo wazazi wengi wangependa kulelea watoto wao. Je, sheria iilinde ibaki kama ilivyo, au iruhusu nyumba zaidi zijengwe humo ili familia nyingi zipate nafasi? Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kinachostahili kulindwa kwanza ni mpangilio wa njia, pamoja na uwezo wa familia za kipato cha kawaida kuendelea kuishi humo. Kuta zinafuata baada ya hapo.

Naomba tuanze na kile kinachoufanya mtaa wa namna hiyo umfae mtoto, kwa sababu hapo ndipo mjadala huu hupotea njia. Mtu mzima hutembea takriban mita 80 kwa dakika, hivyo dakika kumi humfikisha mita 800. Mtoto wa miaka sita, anayesimama kumtazama kila paka na kuokota kila kijiti, umbali huohuo humchukua robo saa na zaidi. Nimemsindikiza wa kwangu asubuhi nyingi, nalijua hilo kwa miguu yangu. Kwa hiyo shule ikiwa mita 400 kutoka nyumbani, mtoto anaweza kuzoea kwenda mwenyewe mapema. Ikiwa kilomita mbili, atabebwa kwenye gari hadi awe mkubwa.

Tazameni pia kona ya mtaa wa zamani. Ukuta wa nyumba umefika hadi ukingoni, pembe ni kali, na dereva asiyeona kilicho upande wa pili hana budi kupunguza mwendo karibu na kusimama. Mtoto hushika mikanda ya begi lake, hutazama huku na huku, huvuka kwa hatua saba au nane, akawa ng'ambo. Kwenye barabara mpya, kona imepindwa kwa upana ili gari lipite bila kupunguza kasi, na mtoto yuleyule ana njia nne za magari mbele yake. Hakuna tangazo la usalama barabarani linaloweza kufanya kazi ambayo kona ile nyembamba huifanya kimyakimya mchana kutwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Donald Appleyard, mtaalamu wa mipango miji, alichunguza mitaa mitatu ya makazi mjini San Francisco, Marekani, iliyofanana kwa mambo mengi isipokuwa wingi wa magari: mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, na wa tatu karibu 16,000. Wakazi wa mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki mara tatu zaidi mtaani kwao kuliko wale wa mtaa wenye magari mengi, na walipoombwa kuonyesha mahali walipopaona kuwa pao, walionyesha mtaa mzima, ilhali wenzao waliishia kwenye nyumba zao. Nyumba zilikuwa za aina moja. Kilichotofautiana ni kile kilichokuwa kikipita mlangoni.

Sasa niseme linaloniuma. Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa, hauna magari mitaani katika sehemu yake ya kale, majengo yake yamelindwa kwa uangalifu mkubwa, na hakuna umbali humo usiotembeleka. Mwaka 1951 sehemu hiyo ya kale ilikuwa na wakazi takriban 175,000; mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Kuta zipo, madaraja yapo, watoto wamepungua. Mji unaweza kuhifadhiwa jiwe kwa jiwe na bado ukampoteza yule ambaye ulihifadhiwa kwa ajili yake. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa hoja iliyoandaliwa vizuri, lakini sikubaliani nawe katika mpangilio wa vipaumbele, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, umesahau kwamba mitaa hii unayoisifia ipo leo kwa sababu kuna watu waliozisimamia kuta zake. Baada ya Marekani kupitisha sheria ya barabara kuu mwaka 1956, mitaa mingi ya zamani, hasa ya watu weusi na ya maskini, ilibomolewa ili barabara zipite katikati ya miji, na wakati ule pia waliobomoa walisema wanaleta maendeleo kwa watu wengi zaidi. New York ilipata sheria yake ya kulinda majengo mwaka 1965, miaka miwili baada ya kuanza kubomolewa kwa kituo chake kikubwa cha treni, Pennsylvania Station. Kilichobomolewa hakirudi. Kosa la kuchelewa kujenga linaweza kusahihishwa mwakani, lakini kosa la kubomoa halina mwakani.

Pili, mfano wako wa Venice nauona umelazimishwa. Wakazi wa Venice wameondoka kwa sababu nyumba zao zimegeuzwa malazi ya watalii, kazi zimehamia bara, na maji yanapanda. Ulinzi wa majengo haukuwafukuza.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, tazama yaliyoipata Barcelona, mji wa Hispania. Mhandisi Ildefons Cerdà alipochora mpango wa upanuzi wa mji ule mwaka 1859, kila kitalu cha nyumba kilichozungukwa na barabara, chenye ubavu wa mita 113 hivi, kilikusudiwa kujengwa pande mbili au tatu tu, katikati pakiwa bustani ya wakazi. Baadaye ruhusa ziliongezwa kidogo kidogo: upande wa nne ukafungwa, ghorofa zikaongezwa, na bustani zikajaa karakana na maghala. Hakuna siku moja ambayo mtu alikaa akaamua kuzifuta bustani za watoto. Ziliishia kwenye vibali vidogovidogo, kila kimoja kikiwa na sababu nzuri. Ukishafungua mlango wa "nyumba zaidi", mwekezaji hataijengea familia yenye watoto watatu. Atajenga vyumba vya mtu mmoja, kwa kuwa ndivyo vinavyomlipa zaidi kwa kila mita ya mraba. Nitauunga mkono mpango wako siku utakaponionyesha kifungu kinachomzuia.

Mchangiaji wa pili

Nawaomba radhi waheshimiwa wawili, maana nyote mnaongelea mtaa kwa nje na mimi naishi ndani. Nimelea watoto wawili katika jengo la zamani la ghorofa nne lisilo na lifti. Kigari cha mtoto nilikuwa nakiacha chini ya ngazi, nampandisha mdogo mgongoni, kisha nashuka tena kuchukua mizigo huku mkubwa akinisubiri juu mlangoni akilia. Ngazi zile zilikuwa na kingo zilizolika katikati kama bakuli, na mvua ikinyesha ziliteleza.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Nyumba za zamani mara nyingi zina rangi yenye madini ya risasi chini ya tabaka za rangi mpya. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978 tu, na mabomba mapya ya maji ya risasi mwaka 1986. Vumbi la rangi hiyo likitoka kwenye fremu ya dirisha linalofunguliwa na kufungwa kila siku, mtoto anayetambaa huliokota kwa viganja na kulipeleka mdomoni, na madhara yake kwa ubongo hayatibiki. Kwa hiyo sheria inayomzuia mwenye nyumba kubadilisha dirisha kwa sababu tu ni la kale haimlindi mwanangu. Na bado, nawaambia kwa dhati, singehama. Jirani wa chini alikuwa akiwatazamia wanangu dirishani kila walipotoka kucheza, na sikuwahi kumwomba.

Mchangiaji wa tatu

Nitachangia kwa ufupi kuhusu magari. Mnaweza kujenga au msijenge, lakini mwendo wa gari mtaani usiposhuka hamjafanya kitu. Mtembea kwa miguu anayegongwa na gari la kilomita 30 kwa saa kwa kawaida hupona. Kwa kilomita 50, uwezekano wa kufa huongezeka mara kadhaa. Hispania tangu Mei 2021 imeweka kikomo cha kilomita 30 kwa barabara zote za mijini zenye njia moja kila upande. Nina wasiwasi mmoja tu: mtaa wa ndani ukifungwa, magari huhamia barabara kubwa inayouzunguka, na huko pia kuna madirisha yenye watoto nyuma yake, mara nyingi wa wapangaji maskini zaidi.

Mleta mada

Nawashukuru nyote watatu. Nitajibu kwa kirefu pale nilipobanwa, na pale tunapokubaliana nitapita haraka.

Kwa ndugu wa tatu, nakubaliana nawe, na wasiwasi wako kuhusu barabara ya kuzunguka ni wa haki. Mpango wowote unaotuliza mitaa ya ndani bila kupunguza mwendo na kuongeza mabasi kwenye barabara ya nje unanunua utulivu wa mmoja kwa kelele za mwingine. Kwa dada wa pili, umenifundisha jambo nililolipita: ulinzi wa jengo uishie usoni mwa jengo. Ngazi, mabomba, madirisha na lifti viwe huru kutengenezwa, na gharama ya kuondoa rangi ya risasi isiachiwe mpangaji.

Ndugu wa kwanza, kwako sina budi kukiri mawili. Nililitumia jina la Venice kana kwamba ulinzi wa majengo ndio uliowatoa wakazi, na haikuwa hivyo. Nilichopaswa kusema ni kwamba ulinzi wa majengo peke yake haukuweza kuwazuia kuondoka, na hilo nalisimamia. Pia sitetei ubomoaji. Ninaposema nyumba zaidi, namaanisha viwanja vya kuegeshea magari vilivyo katikati ya mtaa, mapengo yaliyobaki baada ya nyumba kuungua au kuanguka, maghala yaliyoachwa, na ghorofa moja ya ziada pale msingi unaporuhusu. Mitaa mingi ya zamani ina nafasi hizo kuliko tunavyodhani, na katika miji mingi kilichozuia kuzijenga ni kanuni inayomtaka kila mjenzi atenge maegesho kwa kila nyumba, kanuni ambayo, kama ingekuwepo zamani, isingeruhusu hata jengo moja kati ya yale tunayoyapenda kusimama. Buffalo, huko Marekani, iliifuta kanuni hiyo kwa mji mzima mwaka 2017.

Uliomba kifungu. Mwaka 2016 Vancouver, mji wa Kanada, iliweka sharti kwamba miradi ya fleti za kuuza inayoomba kubadilishiwa matumizi ya ardhi iwe na angalau asilimia 35 ya fleti zenye vyumba viwili vya kulala au zaidi, na sehemu yake iwe ya vyumba vitatu. Sharti hilo peke yake halishushi bei, nakubali, lakini linajibu hofu yako kuhusu vyumba vya mtu mmoja, na bustani ya ndani inaweza kuwekewa sharti kama hilo kwa kipimo cha mita. Barcelona yenyewe tangu miaka ya 1980 imekuwa ikizirudisha baadhi ya bustani zile, moja moja, kwa fedha nyingi. Mfano huo naukubali kama onyo, nami naomba uchukuliwe kuwa sehemu ya hoja yangu.

Kuna mfano mmoja ambao ningependa uupime kwa makini kuliko yote. Mwaka 1973 Bologna, mji wa Italia, ilipanga kukarabati nyumba za wafanyakazi katika kitovu chake cha kale kwa kutumia fedha na mamlaka zilizokuwa zikitumika kujengea makazi ya umma pembezoni mwa mji. Nia ilikuwa nyumba zirudishiwe ubora wake na wapangaji walewale warudi humo kwa kodi wanayoimudu. Mpango ulipata upinzani mkali, hasa katika suala la kutwaa mali za watu, na haukutekelezwa kama ulivyoandikwa. Lakini ulikuwa na ujasiri wa kumhesabu mpangaji kuwa sehemu ya urithi wa mji, sawa na nguzo na matao.

Basi nina ombi moja kwako, ndugu, na kwa yeyote mwenye msimamo kama wako. Kabla hatujaendelea kubishana kuhusu urefu wa ghorofa, uende kwenye shule ya msingi ya mtaa mkongwe unaoujua, uombe idadi ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza mwaka huu na ya miaka kumi na mitano iliyopita, kisha uulize wangapi kati ya hawa wa sasa wanafika kwa miguu. Ukirudi na namba hizo, uniambie kama kilicholindwa pale kimelindwa kweli. Mimi nitafanya hivyohivyo kwa mtaa wangu, na nitaziweka hapa hata zikinipinga.