Ukoo wa Mzee Kombo: Kitufe cha A

JUMATANO

[06:41] Rehema: Assalamu alaykum, wana ukoo. Shikamoo, Baba. Naomba kila mmoja asome ujumbe huu mpaka mwisho kabla hajatoka kwenda kazini. Laptopu tuliyomchangia Zuhura, ambayo haijamaliza hata mwezi tangu itoke dukani Kariakoo, kitufe chake cha herufi A kimekufa, na tasnifu inatakiwa kwa msimamizi mwisho wa mwezi huu. Nataka tukubaliane leo ni nani anayeirudisha dukani, lini, na akiwa na karatasi gani mkononi. Jambo moja nalitanguliza: isipelekwe kwa fundi yeyote kabla muuzaji hajaiona, kwa sababu ikishafunguliwa tu ataambiwa Zuhura kwamba tumeiharibu sisi.

[06:43] Rehema: Zuhura, eleza mwenyewe, watu wasije wakasema nimetia chumvi.

[07:20] Zuhura: Shikamooni nyote. Babu, shikamoo. Mwanzoni kitufe kilihitaji kubonyezwa kwa nguvu kidogo, kisha kikawa kinaruka herufi. Sasa hakiitiki kabisa mpaka nikikandamize kwenye kona ya juu, na hata hapo mara hutoa A moja, mara hutoa tatu kwa mpigo. Vitufe vya jirani, yaani Q, S na Z, ni vizima. Hii ndiyo sentensi ya kwanza ya tasnifu kama laptopu ilivyoiandika jana usiku: "Utfiti huu unchunguz mtumizi y lhj y Kimtng't ktik nyimbo z hrusi z Pngni."

[07:24] Hamisi: Shikmoo, Shngzi Rehem. Hbri z subuhi, Bb Mdogo Shbni.

[07:26] Mwanaidi: Hamisi, mwanangu, nimecheka mpaka chai imenipalia.

[07:29] Hamisi: Nimewapitia wote, na ukimwacha Babu Kombo, asiye na A hata moja, aliyesalimika ni mmoja tu. Idrisa akipokonywa A anabaki Idris, jina kamili lenye heshima zake. Sisi wengine tumeangamia.

[07:31] Rehema: Mwenzenu ana tasnifu, nanyi mnagawana majina. Zuhura, usiwajibu. Idrisa, wewe ndiye unayeshinda na mashine hizi huko Dodoma. Nataka kauli yako.

[09:05] Idrisa: Samahani, Mama, nilikuwa kikaoni. Zuhura, kwanza kabisa nakili tasnifu kwenye flashi na ujitumie kwa barua pepe, kwa sababu mashine ikiachwa dukani unaweza kuipokea ikiwa imefutwa kila kitu. Pili, tafuta kibodi yoyote ya waya, ichomeke kwenye tundu la USB, na uandike A. Ikiandika vizuri, basi Windows haina kosa na ubovu uko kwenye kibodi ya laptopu yenyewe. Muuzaji atajaribu kukwambia "ni programu tu", halafu akuwekee Windows upya na kukurudisha nyumbani, kwa hiyo ni vyema uende ukiwa na jibu hilo tayari.

[09:11] Idrisa: Niwaeleze kinachotokea ndani, kwa sababu kuna watakaotaka kukibandua kitufe kwa kisu. Chini ya kila kitufe kuna miguu miwili midogo ya plastiki iliyopishana kama mkasi, katikati yake kuna kifuniko cha mpira laini, na chini ya mpira kuna karatasi nyembamba za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Unapobonyeza, mpira huzigusanisha karatasi hizo na herufi ikasomwa. Njia hizo zimepangwa kwa safu za kwenda na za kushuka, kwa hiyo njia moja ikikatika hufa vitufe kadhaa vinavyoichangia. Akifa A peke yake, ninashuku uchafu, mpira ulioteguka, au mahali pa mguso palipotengenezwa vibaya kiwandani. Kwenye laptopu nyingi za siku hizi kibodi imegandishwa kwenye bamba la juu kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, na kuibadilisha ni kuvua nusu ya mashine. Kazi hiyo ni ya mwenye waranti.

[09:14] Zuhura: Ahsante, Kaka Idrisa. Nenosiri langu lina A mbili. Kuingia tu ni vita.

[09:16] Idrisa: Kwenye ukurasa wa kuingilia, kona ya chini kulia, kuna alama ya mtu, ndani yake utaikuta kibodi ya kwenye kioo, uibonyeze A hapo kwa kipanya. Ukishaingia, pakua PowerToys, programu ya bure ya Microsoft, ambayo inaweza kukipa kitufe kingine kazi ya A. Chagua Caps Lock, maana kiko ubavuni mwa A na kidole hakitapotea. Hiyo ni ya kukuvusha tu. Siku ya kwenda dukani iondoe, muuzaji auone ubovu ulivyo.

[09:40] Rehema: Umesikika, mwanangu. Shabani, wewe ndiye uliyenunua, na wewe ndiye unayemjua muuzaji. Tunakusubiri.

[11:58] Rehema: Shabani, naona umesoma.

[12:40] Shabani: Dada, nilikuwa bandarini, simu haishikiki kule. Mashine ilitoka kwenye boksi lake mbele ya macho yangu, ikawashwa, ikaandika. Kitu kipya hakiharibiki chenyewe. Kabla hatujamsumbua mtu wa watu, naomba Zuhura aulizwe kwa upole kama hakuna chai au soda iliyomwagika, kwa sababu wanafunzi ninawajua, wanakula juu ya mashine.

[12:52] Zuhura: Mjomba, kwa heshima zote, hakijamwagika chochote. Laptopu haijawahi kutoka mezani kwangu ila ndani ya mkoba wake, na chumba kizima ni mashahidi.

[13:04] Idrisa: Mjomba, kimiminika kwa kawaida hakichagui kitufe kimoja, huondoka na jirani zake pia. Na vitu vipya huharibika vyenyewe. Apple walileta kibodi ya muundo wa kipepeo mwaka 2015, nyembamba kuliko zote walizokuwa nazo, na chembe ya vumbi ikawa inatosha kukwamisha kitufe. Juni 2018 walitangaza mpango wa kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 wakakubali kutoa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja huko Marekani. Yakiwapata wakubwa wale, hatuna sababu ya kumtuhumu mtoto.

[13:06] Rehema: Maneno hayo yamenitosha. Shabani, tuma picha ya risiti ili Zuhura aichape. Bila risiti hatuna pa kuanzia.

[14:30] Rehema: Shabani, risiti.

[15:17] Shabani: [Picha]

[15:25] Rehema: Nimevaa miwani nikaisoma tena. Risiti hii ya EFD, ile mashine ya kodi, imeandikwa shilingi 350,000. Sisi tulichanga 900,000, na ulituambia hapa hapa kwamba hazikubaki hata za nauli. Naomba maelezo.

[15:33] Shabani: Dada, Kariakoo unaijua. Bei ni ile niliyosema, risiti wanaandika yao ili kodi iwe nyepesi, na ukikataa wanakwambia uende duka jingine. Shilingi ya mtu haikupotea.

[15:36] Rehema: Matangazo ya TRA, Mamlaka ya Mapato, yanatuimbia kila siku, "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", na risiti inayodaiwa ni ya bei kamili. Muuzaji akituambia anarudisha fedha, atarudisha zilizoandikwa hapa. Mamia ya maelfu yanayobaki nani atayadai, na kwa karatasi ipi? Na hili si la kwanza. Yale ya jokofu la marehemu Mama tuliyanyamazia kwa sababu ya msiba.

[15:37] Shabani: Jokofu linaingiaje hapa, Dada?

[15:38] Rehema: Wewe unajua linavyoingia.

[15:41] Mwanaidi: Jamani, nawaombeni. Mtoto anasoma haya.

[15:44] Hamisi: Jokofu lile nalikumbuka. Lilikuwa linapasha maji moto.

[15:45] Rehema: Hamisi.

[16:20] Bakari: Shikamoo Babu, shikamooni wakubwa zangu. Mimi si mwanasheria, ila kazini tunauza vipuri na tumefundishwa hili. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani kwa maelezo yake auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa, hata kama sharti hilo halikuandikwa popote. Mnunuzi akiwa amekikagua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wenyewe ungeionyesha. Baba Mdogo anasema mashine iliandika siku ile, kwa hiyo kasoro hii haikuwa ya kuonekana kwa kukagua, na ushahidi wake unatusaidia. Akigoma, kuna Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo hupokea malalamiko ya walaji. Ningependa tuanze kwa mazungumzo lakini. Pia mtazame namba ya utambulisho iliyo chini ya laptopu kama ndiyo iliyo kwenye kadi ya waranti.

[16:48] Zuhura: Namba zinalingana, Kaka Bakari, ila sehemu ya tarehe na muhuri wa duka kwenye kadi iko wazi, haikujazwa kitu.

[16:50] Rehema: Haikujazwa! Shabani?

[18:30] Rehema: Kikundi hiki kina watu wa kutosha kujaza daladala, na alama za kusoma naziona zote. Siku ya kula pilau hakuna anayechelewa kujibu. Nasema hivi: Jumamosi asubuhi Shabani na Zuhura wakutane Mnazi Mmoja, waende dukani pamoja. Asiyekubali aseme sasa.

[19:55] Mzee Kombo: Wanangu na wajukuu zangu, wa alaykumu salaam. Nimeyasoma yote baada ya sala ya Isha, taratibu, kwa sababu macho yamechoka. Kompyuta hiyo isifunguliwe na mtu yeyote; katika hilo Rehema amesema kweli. Shabani, wewe uliinunua kwa mkono wako, basi irudishe kwa mkono wako, ukiwa na Zuhura pembeni ili aeleze ubovu kwa kinywa chake, na ile kadi isirudi tena nyumbani bila muhuri na tarehe. Zuhura mjukuu wangu hatuhumiwi tena na mtu. Habari ya fedha na habari ya jokofu hazizungumzwi kwenye simu mbele ya watoto. Mtakuja Pangani, tutakaa barazani, na kila mmoja atasema lake nami nikiwa nasikia. Mpaka siku hiyo sitaki kuliona neno hilo humu.

[19:57] Rehema: Tumesikia, Baba.

[19:58] Mwanaidi: Ahsante, Baba. Mungu akuweke.

[20:02] Bakari: Tumesikia, Babu.

[20:40] Idrisa: Nina kibodi ya waya isiyotumika. Naweza kuituma kwa basi la kesho la Dar es Salaam, Zuhura aipokee stendi ya Magufuli.

[20:41] Rehema: Ipeleke. Usiseme "naweza".

ALHAMISI

[05:52] Shabani: Shikamoo, Baba. Nimekusikia na sina neno. Nilimpigia muuzaji jana usiku. Hakukataa, ila anasema kibodi za aina hiyo hana dukani na lazima aulize kwa anayemletea mzigo. Hakusema kama atabadilisha mashine nzima au atatengeneza. Jumamosi nina arobaini ya rafiki yangu Bagamoyo, ambayo siwezi kuikosa. Naomba iwe Jumatatu.

[06:10] Zuhura: Mjomba, Jumatatu asubuhi nawasilisha sura ya pili mbele ya msimamizi. Nitakuwa huru kuanzia saa nane mchana.

[06:15] Rehema: Jumatatu saa nane basi, Mnazi Mmoja, na mkiambiwa muiache pale mdai karatasi yenye namba ya mashine, ubovu wake na siku ya kuichukua. Mkiambiwa kuna gharama, msilipe, nipigieni kwanza. Zuhura, unaandikia nini mpaka siku hiyo?

[06:21] Zuhura: Caps Lock, Mama Mkubwa. Inaandika vizuri, namshukuru Kaka Idrisa. Ila ikibaki dukani sitakuwa na mashine kabisa, na mwisho wa mwezi haupo mbali. Kuna yeyote anayeweza kuniazima yake?

[07:48] Rehema: Mwenye laptopu inayokaa bure ajitokeze. Hamisi, ile ya kwako?

[08:30] Hamisi: Ya kwangu haina betri, Shangazi, na hapa sitanii. Inawaka ikiwa kwenye umeme tu, ila vitufe vyake vyote ni vizima. Aje aichukue.

[08:33] Rehema: Shabani, thibitisha Jumatatu saa nane.

[11:20] Rehema: Shabani?

[13:05] Shabani: Nitathibitisha nikishazungumza tena na muuzaji.