Programu inayolipa asilimia 2 kwa siku: nitajuaje kama ni upatu?

fundi_kigamboni
Wakuu habari. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaani kuna programu inasambaa kwa kasi. Unaweka kuanzia shilingi 100,000, kila siku unabonyeza "oda" 20, jioni salio linaongezeka asilimia 2. Ukileta mtu unapewa asilimia 10 ya alichoweka, na yeye akileta wa kwake unapata tena 5. Cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara) wameonyesha, ofisi wanayo, na wapo walioshatoa hela ikaingia kwenye simu. Sasa kikoba cha akina mama hapa kinataka kutia 1,500,000 ya mfuko wao Jumamosi. Naomba njia za kuhakiki kama ni upatu wa kitapeli, yaani wa zamani wanalipwa kwa hela za wapya. Nikiwaambia tu "achaneni nao" hawatanisikiliza, wanataka sababu.

hesabu_kwanza
Mkuu, anza na kikokotoo cha simu mbele yao. Asilimia 2 kwa siku, faida ikiachwa ndani, hela inakuwa maradufu kila baada ya siku 35. Laki moja ikikaa mwaka mzima inafika zaidi ya milioni 137. Hati fungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, inalipa asilimia kumi na kitu, tena kwa mwaka. Waulize: mwenye biashara ya namna hiyo anahangaikia nini laki ya mama muuza vitumbua, wakati angekopa benki kwa riba isiyofika asilimia 2 kwa mwezi, na riba hiyo ya mwezi akailipa kwa faida ya siku mbili?

Hizo oda 20 ni kiini macho. Hakuna mteja anayenunua chochote ukibonyeza. Zimewekwa ili ujione umefanya kazi, usiulize hela imetoka wapi. Na salio unaloliona ni tarakimu tu kwenye skrini. Hela yenyewe ilishamlipa aliyekutangulia. Tapeli Charles Ponzi, kule Boston mwaka 1920, aliahidi asilimia 50 kwa siku 45 akidai anafanya biashara ya kuponi za posta. Kuponi zilizokuwapo duniani hazikukaribia hata kidogo kiasi cha hela alichopokea.

Kuhusu waliotoa: ni kweli wanalipwa, na lazima walipwe, maana wao ndio tangazo. Kutoa 20,000 hakuthibitishi kitu. Swali la kumuuliza kiongozi wa grupu ni moja: asipoingia mtu mpya kwa miezi mitatu, mimi nitalipwa kutoka wapi? Akianza kuzungumzia "imani" na "fursa", umeshajibiwa.

wakili_tanga
Cheti cha BRELA kinaonyesha jina limesajiliwa, basi. Kupokea amana za umma kunataka leseni ya Benki Kuu. Kukusanya hela za uwekezaji kunataka leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Taasisi zote mbili zinaweka orodha za wenye leseni kwenye tovuti zao. Tafuta jina lote herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda kuazima jina la kampuni kubwa na kubadili neno moja.

Kuendesha upatu wa aina hii ni kosa chini ya kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu. Upatu wa DECI ulipozuiwa mwaka 2009 watu wengi walikuwa "wamepanda mbegu", yaani wameweka hela, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wa DECI.

nyota_ya_kisumu
Tazameni pia hela inaingia wapi. Kampuni halali hupokea kwa akaunti yenye jina lake. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi, na kila wiki namba inabadilika, toka hapo. Halafu ingia lookup.icann.org uandike anwani ya tovuti yao, uone ilisajiliwa lini. "Kampuni ya miaka kumi" yenye tovuti iliyosajiliwa miezi miwili iliyopita inadanganya.

Dalili za mwisho zinafanana kila mahali: kutoa kunahamishiwa siku moja kwa wiki, kisha "mfumo unaboreshwa", kisha bonasi kubwa kwa atakayeongeza mtaji, kisha "lipa kodi asilimia 10 ndipo utoe". Kodi ya kweli hailipwi kwa simu ya admin.

fundi_kigamboni
Asanteni sana. Ila hao hao wana kampuni nyingine ya dawa lishe, na makopo nimeyashika kwa mikono yangu. Hiyo nayo?

hesabu_kwanza
Kopo kuwepo hakutoshi. Uliza kati ya makopo 100, mangapi yamenunuliwa na watu wasio wanachama. Linganisha bei na dawa lishe ya aina hiyo famasi. Kama kopo ni mara tatu ya bei, na mwanachama lazima anunue kila mwezi ili asipoteze pointi, basi wanachama ndio wateja, na makopo yanaishia chini ya uvungu. Mwaka 2016 Herbalife, kampuni ya dawa lishe inayouza kupitia wanachama, ilikubali kulipa dola milioni 200 Marekani, na ikatakiwa angalau theluthi mbili ya malipo kwa wasambazaji itokane na mauzo ya rejareja yaliyothibitishwa. Tumia kipimo hicho hicho.

Na wachoree hili ubaoni: kila mtu alete sita. 6, 36, 216, 1,296... Ngazi ya kumi peke yake inahitaji watu 60,466,176. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, vichanga wakiwemo.

wakili_tanga
Kwa ambao hela yao imeshaingia: omba kutoa mtaji wote leo, na usiongeze hata mia ili "kufungua akaunti". Piga picha ya skrini ya salio, ya mazungumzo na ya namba zote kabla hujatolewa kwenye grupu. Wakifunga, vyote vinapotea. Usifute SMS za miamala, zile kumbukumbu ndizo ushahidi. Nenda kituo cha polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), kisha ipeleke kwa mtandao wako wa simu haraka, kabla salio la mpokeaji halijahamishwa. Atakayekufuata baadaye akidai anaweza kukurudishia kwa ada ndogo, usimtumie kitu. Orodha za waliotapeliwa huuzwa.