Natengeneza tovuti ya hospitali, nifanyeje ili wasioona, viziwi na wengine waitumie wenyewe?

fundi_kurasa
Wakuu habari zenu. Nina kazi ya kutengeneza upya tovuti ya hospitali, ina sehemu ya kupanga miadi, kuona majibu ya vipimo, kulipa bili na kuchati na nesi. Mteja anataka watu wenye ulemavu nao waitumie na hilo nimelipenda, ila mawazo yake ni mawili tu: tuweke ile wijeti ya pembeni yenye kapicha ka mtu, ukibonyeza maandishi yanakuwa makubwa na rangi zinabadilika, au tutengeneze ukurasa wa peke yake wenye maandishi matupu "kwa ajili ya walemavu". Mimi moyo unakataa yote mawili lakini sina hoja za kumpa. Nimefungua WCAG, ule mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, vipengele ni vingi na muda niliopewa ni mfupi. Mngekuwa nyie mngeanza na nini? Naomba zaidi nisikie kwa wanaotumia visoma skrini (programu zinazosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini), au kibodi bila mausi, tusije tukakaa madeveloper tunakisia peke yetu.

sauti_ya_skrini
Mkuu asante kwa kuuliza mapema, wengi wanatuuliza tovuti ikishapanda hewani. Mimi sioni kabisa, kisoma skrini changu kwenye kompyuta ni NVDA na kwenye simu ni TalkBack.

Wijeti achana nayo. Asiyeona tayari ana kisoma skrini chake, kakipanga kasi na sauti anavyotaka na anakitumia kwenye kila kitu, sasa wijeti inakuja inaanza kugombana nacho. Alafu haiwezi kujua kitufe ulichokiacha bila jina kinafanya kazi gani, mimi bado nasikia tu "kitufe, kitufe, kitufe". Na ule ukurasa wa pembeni huwa unasahaulika, ratiba ya madaktari inabadilishwa kule kwa wengine, huku kwetu inabaki ya zamani, mtu anasafiri kumfuata daktari ambaye hayupo.

Umeuliza uanze na nini, mimi nasema anza na majibu ya vipimo. Hospitali nyingi zinaweka PDF iliyoskaniwa, yaani ni picha ya karatasi, kisoma skrini kinafika pale kinanyamaza. Kwahiyo inabidi nimwite mtu anisomee, mtoto wangu au jirani au mtu wa kazini. Fikiria ni majibu ya HIV, au ya ujauzito, au ya saratani, mtu mwingine anayajua kabla yangu mwenye mwili. Hakuna daktari anayeruhusiwa kutangaza siri ya mgonjwa lakini tovuti inanilazimisha niitangaze mwenyewe, na kuna watu nawafahamu wameona bora wasiyafungue kabisa hayo majibu. Hilo ndo jambo la kumwambia mteja wako, siri ya mgonjwa, hospitali yoyote inaelewa lugha hiyo.

Yaweke kwenye jedwali la kawaida la HTML lenye vichwa vya safu (tegi ya th, yaani ya kichwa, sio td ya seli ya kawaida iliyokolezwa wino), ili nikihama kutoka namba moja kwenda nyingine nisikie kwamba hii ni matokeo na hii ni kiwango cha kawaida. Na kipimo kilichopanda usikiweke rangi nyekundu ukaishia hapo, andika "juu ya kawaida". Kuna watu wanaona vizuri tu ila nyekundu na kijani hawazitofautishi, nao itawasaidia.

Fomu ya miadi: kila kisanduku kiwe na lebo yake halisi, yale maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku sio lebo, ukianza kuandika yanapotea. Kalenda ya kubofya iwepo kwa anayeitaka lakini niruhusu niandike tarehe kwa namba. Na nikikosea usinipakie rangi nyekundu juu ya ukurasa nisiyoiona, nipeleke kwenye kisanduku chenye tatizo na unieleze kwa maneno tatizo ni nini.

kibodi_tu
Naongezea upande wangu. Mikono yangu haina nguvu ya kushika mausi, natumia kibodi, siku mbaya natumia swichi moja, yaani kitufe kimoja cha kuendeshea kompyuta nzima, kwahiyo kila kitu nafanya taratibu sana.

Kinachonitoa machozi ni muda kuisha. Unajaza historia yako yote ya ugonjwa, dawa, mzio, upasuaji, unakaribia kumaliza mfumo unakutoa na kila kitu kimefutika. Najua wanalinda siri za wagonjwa na sipingi, ila WCAG inaruhusu ufanye yote mawili: mwonye mtu kabla muda haujaisha, mpe angalau sekunde 20 za kuongeza kwa kubonyeza kitu chepesi. Na nilichokwisha kuandika kitunzwe, nikiingia tena nikikute.

Kingine ni kuingia. Msizuie kupesti nenosiri, na ile namba ya uthibitisho inayokuja kwa sms msiikate kwenye visanduku sita ambavyo havikubali kupesti. Toleo la 2.2 la WCAG lililotoka Oktoba 2023 lina kipengele cha hilo kabisa, kwamba usimlazimishe mtu kukariri au kutatua fumbo ndo aingie, bila kumpa njia nyingine. Kinawasaidia pia wenye shida ya kumbukumbu, na hospitali ina wagonjwa wengi wa hivyo.

Alafu tafadhali usiandike `outline: none` kwenye CSS. Ule mstari unaozunguka kitufe ndo unaonionyesha nipo wapi, ukiutoa mimi nimepotea. Vitufe visiwe vidogo, 2.2 inataka angalau pikseli 24 kwa 24 au nafasi ya kutosha kati yake, mimi nakuomba uweke 44 kabisa. Na hiyo chati ya nesi ikifunguka niweze kuifunga kwa Esc, nimeshakwama mara nyingi ndani ya vidirisha vya chati, Tab inazunguka humohumo haitoki.

macho_hafifu
Kwenye wijeti naomba nimtetee kidogo mteja, nia yake ni nzuri, mimi naona kwa shida na maandishi makubwa nayahitaji kweli. Ila brauza yangu tayari inakuza, ninachotaka ni usinizuie. Kuna tovuti zimeandikwa `user-scalable=no`, kwenye simu zinaweza kugoma kukuza. Jaribu kukuza mpaka asilimia 200 uone kama maneno yanakatika au vitufe vinapandana. Kontrasti, yaani tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake, iwe angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, kijivu hafifu juu ya nyeupe kinapendeza kwenye mchoro wa dizaina lakini mimi sisomi kitu, na mara nyingi ndo wanakiandikia maelekezo ya muhimu, kama vile "usile chochote kabla ya kipimo".

mikono_inaongea
Mimi ni kiziwi. Watu wanadhani kwetu tovuti haina shida kwa sababu tunaona, sio kweli. Nafungua ukurasa wa miadi nakuta "piga simu namba hii". Nipige vipi? Kila penye namba ya simu weka na njia ya kuandika, na iwe inajibiwa na mtu, sio barua pepe isiyofunguliwa.

Video za daktari ziwe na manukuu, na yale yanayojitengeneza yenyewe lazima mtu ayapitie, majina ya dawa na dozi yanakosewa vibaya na hapo kosa dogo linaumiza mtu. Pia wengi waliozaliwa viziwi lugha yao ya kwanza ni lugha ya alama, maandishi ni lugha ya pili, kwahiyo andika sentensi fupi na maneno ya kawaida, na maelezo makubwa kama ridhaa ya upasuaji yawe na video ya lugha ya alama.

Kwenye fomu ya miadi weka swali: utahitaji mkalimani wa lugha ya alama? Sahivi wengi tunakwenda na ndugu. Aliyosema sauti_ya_skrini kuhusu siri na sisi yanatuhusu, kuna mambo mwanamke hawezi kumweleza daktari kupitia kaka yake. Na kama mna miadi ya video, mkalimani aweze kuingia kama mtu wa tatu na picha yake iwe kubwa ya kutosha kuona vidole na uso.

fundi_kurasa
Jamani nimeandika kila kitu, asanteni sana. Mteja nimempelekea hoja ya siri na wijeti kaiacha mwenyewe. Maswali mawili yamebaki. Kasema watu hawa ni wachache kwahiyo bajeti isiwe kubwa, nimjibu nini? Na mfumo wa maabara unatoa PDF tu, hautoi kitu kingine.

mjaribu
La kwanza: WHO inakadiria watu bilioni 1.3 duniani wana ulemavu mkubwa, yaani karibu 1 kati ya 6. Na hiyo ni watu wote, wanaokwenda hospitali ni wazee, wagonjwa, waliovunjika mkono juzi, waliotoka upasuaji wa jicho, kwahiyo kwake ndo watakuwa wengi zaidi.

La pili: kama hiyo PDF imetoka moja kwa moja kwenye mfumo basi kwa kawaida maandishi yamo ndani. Shida ni pale wanapoiprinti, wanagonga muhuri, alafu wanaiskani tena. Waambie waache hiyo hatua ya kuskani. Alafu ongea na waliouza mfumo, mifumo mingi ya maabara inahifadhi matokeo kwenye database na mara nyingi inaweza kuyatuma kwa HL7 (muundo ambao mifumo ya hospitali inatumia kupeana taarifa), ukiyapata hayo jedwali unalijenga mwenyewe. Wakikataa kabisa, PDF iwe na tegi za vichwa na jedwali, yaani alama za ndani zinazokiambia kisoma skrini kipi ni kichwa na kipi ni jedwali.

Lenga kiwango cha AA, kile cha kati cha WCAG. Programu za kukagua tovuti kama axe na WAVE zitakuonyesha sehemu tu ya makosa, hazijui kama maelezo ya picha yana maana. Chomoa mausi upange miadi mwanzo mpaka mwisho kwa kibodi, kisha rudia na NVDA, ni ya bure. Hakikisha `lang="sw"` ipo kwenye html, la sivyo sauti inaweza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Kabla mteja hajanunua plagini ya kulipia bili aijaribu hivyohivyo, ikishanunuliwa mara nyingi huwezi kuigusa ndani. Na hawa waliokujibu humu waulize kama wako tayari kuijaribu, muwalipe kama mnavyomlipa dizaina.

sauti_ya_skrini
Mimi nipo tayari. Nitumie linki ya majaribio yenye mgonjwa wa kubuni, usiweke majibu ya mtu wa kweli.