Wananipigia kuniuzia "ithibati ya biashara inayoaminika". Hiki ni kitu gani hasa?

fundi_baridi

Wakuu, salamu.

Mimi natengeneza majokofu na viyoyozi. Tuko watu watatu, mimi na vijana wawili, na gari moja. Wateja wengi huja kwa kuambiana. Sasa kuna dada mmoja ananipigia kutoka shirika linalosema kazi yake ni kuthibitisha biashara zinazoaminika. Simu ya kwanza alianza kwa pongezi: jina langu limepita kwenye mchujo, yeye hauzi kitu, anahakiki taarifa tu. Swali la kwanza, una wafanyakazi wangapi? La pili, mauzo yako ya mwaka yako chini ya kiasi hiki au juu yake? Hakuuliza hata mara moja kama najua kujaza gesi kwenye jokofu.

Nikamuuliza mchujo upi, maana sijaomba popote. Akasema kuna wateja wamekuwa wakinitafuta kwenye tovuti yao. Wangapi? Hawezi kusema. Walitafuta nini? Faragha. Haya.

Ada ilikuja mwishoni kabisa, ikiitwa "mchango wa uanachama". Nikilipa kabla ofisi yao haijafungwa nitapewa beji ya kuweka mtandaoni, stika ya gari, na alama A. Nikauliza, na sasa hivi nina alama gani? Akasita, kisha akasema C. C ya nini? Hajawahi kuja mtu hapa kunikagua. Akaeleza kwamba mfumo wao hauna taarifa za kutosha kunihusu. Kwa hiyo hawanijui, ndiyo maana nina C. Nikilipa watanijua ghafla, na watakachokijua ni kizuri.

Iliyonifanya niandike ni simu iliyofuata. Safari hii mwanamume, sauti nzito, anasema kuna lalamiko limefunguliwa dhidi yangu na muda wa kulijibu unakwisha, na ili nilijibu kikamilifu inabidi niwe mwanachama. Nikamwomba namba ya lalamiko na tarehe ya kazi inayolalamikiwa, kwa sababu mimi naandika kila kazi kwenye daftari: mashine ya aina gani, gesi ipi, vipimo kabla na baada. Akasema atanirudia. Hajanirudia. Ila yule dada alipiga asubuhi yake, mpole vilevile, kana kwamba hawajuani.

Mume wangu anasema tulipe yaishe, stika haiumi. Mimi nasita. Naomba mnaojua mnisaidie: wanaweza kweli kunichafua nikikataa? Na kuna ithibati yoyote ya maana kwa fundi wa kiwango changu, au yote ni biashara ya stika?

sauti_ya_zamani

Dada fundi, pole. Niliwahi kufanya kazi kwenye chumba cha simu cha shirika la namna hiyo (silitaji), kwa hiyo nikueleze yanavyokuwa upande wa pili.

Swali la wafanyakazi si udadisi. Ada inapangwa kwa ukubwa wa biashara, na ulipotaja watatu bei yako ilishajiandika kwenye skrini yake. Mauzo ya mwaka ni ya kumsaidia kujua akubane mpaka wapi utakaposema huna hela.

Mchujo ulikuwepo, ndiyo. Namba yako ilipigwa, ikaita, ukapokea. Hapo umeshapita. Majina tuliyatoa kwenye matangazo na kwenye sajili zilizo wazi kwa kila mtu. Na ule mwisho wa saa za ofisi haukuwa wa ofisi. Ulikuwa wa msimamizi wetu, aliyetaka idadi fulani ya wanachama wapya kabla hatujaondoka. Aliyekataa leo alikuta ofa ileile kesho, wakati mwingine ikiwa nzuri zaidi.

Kuhusu mpole na mkali: wote wawili wanasoma ukurasa mmoja wenye jina lako, na kila ulichomwambia mmoja kimeandikwa hapo mwingine akione. Kwetu hakuna aliyesema waziwazi "tishieni watu kwa malalamiko". Lakini ukiambiwa kwamba wanaosikia neno lalamiko hulipa haraka, na mshahara wako ni kamisheni, utaanza mwenyewe kulitaja mapema.

Masharti ya kukubaliwa yalikuwepo pia, yameandikwa vizuri tu, yana uaminifu, uwazi, utiifu wa sheria, kila kitu. Sikuona mwombaji aliyekataliwa kwa sababu yake. Niliona ambao kadi zao za benki zilikataliwa.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalijui. Tulirekodi simu, lakini kilichohifadhiwa kama ushahidi ni kipande cha mwisho, pale unaposoma jina lako na kukubali ada. Kile cha mwanzo, "hatuuzi kitu, tunahakiki tu", hakimo. Na ukishatoa kadi, mwaka unaofuata inakatwa yenyewe. Kujitoa kuna tarehe yake na utaratibu wake, vimo kwenye masharti ambayo unatumiwa baada ya kulipa.

rangi_na_brashi

Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Ni mpaka rangi, ni mwanachama wa shirika la aina hiyo, na nitahuisha tena.

Kuna mteja alinigomea malipo ya mwisho akidai rangi imebabuka. Ilibabuka kweli, lakini ukuta wake ulikuwa unavujiwa na bomba, na nilikuwa nimemwandikia hivyo kabla ya kuanza. Tulishafika hatua ya kutukanana kwa ujumbe. Shirika likatupa mpatanishi, akasoma karatasi zangu, akasoma zake, tukamalizana bila wakili. Hilo pekee limenilipa ada ya miaka.

Beji yenyewe sijui kama imewahi kuniletea mtu. Hakuna aliyewahi kunitajia. Lakini siku mbaya ikija ni vizuri kuwa na pa kwenda. Tofauti ni kwamba mimi ndiye niliyewatafuta, hawakunipigia. Msiwaweke wote kapu moja.

fundi_baridi

@rangi_na_brashi asante, hilo la upatanishi sikuwa nimelifikiria. Lakini kaka, yule mteja wako mlalamikaji alikuwa mwanachama? Kama si mwanachama na bado alisikilizwa, basi na wewe ungesikilizwa bila ada?

rangi_na_brashi

Swali zuri. Sijui. Nitawauliza.

karani_wa_viwango

Dada, ngoja niingie hapo, kwa sababu kuna mfano unaojulikana. Better Business Bureau ya Marekani na Kanada, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1912, hupokea malalamiko dhidi ya biashara yoyote, na biashara hujibu bila kuwa mwanachama. Anayekwambia ulipe kwanza ndipo ujibu, mwombe akuonyeshe sharti hilo lilipoandikwa.

Shirika hilohilo ndilo lenye kisa kinachofanana na C yako. Si ofisi ya serikali, ni shirika binafsi lisilo la faida, na linaishi zaidi kwa ada za biashara linazozipa alama. Mwaka 2010 televisheni ya ABC ilionyesha wafanyabiashara wa Los Angeles waliobuni kampuni hewa, wakaipa jina la Hamas, wakalipa dola 425, na kampuni hiyo isiyokuwepo ikapata A-. Kipindi hichohicho kilionyesha wenye biashara ndogo waliokuwa na alama za C, wakalipia uanachama, alama zikapanda hadi A+ bila kitu kingine kubadilika. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Connecticut wakati huo, Richard Blumenthal, naye alikuwa amewakalia kooni kuhusu mtindo huo. Shirika likatangaza kuacha kutoa pointi za alama kwa sababu tu ya uanachama, na mwaka 2013 makao makuu yakalifukuza tawi hilo la Los Angeles. Nasema hivi si kuwachafua wa leo. Ninachotaka uone ni kwamba hata shirika kongwe lenye jina, likiweka mwuzaji na mtoa alama chini ya paa moja, alama huanza kufuata malipo.

Na wapo wasio na ukongwe wowote. Mwaka 2011 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilimalizana na kampuni iliyojiita Tested Green, iliyouza vyeti vya utunzaji wa mazingira kwa zaidi ya biashara 100. Kwa mujibu wa tume, haikumpima mteja hata mmoja, ukilipa unapata. Ilijisifu kwamba inatambuliwa na vyama viwili vya kitaifa, na vyama hivyo vilikuwa mali ya mtu yuleyule mwenye kampuni. Kwa hiyo wakikwambia "na sisi tunatambuliwa", usiishie kusikia jina la anayewatambua. Tafuta ni nani anayekimiliki hicho chama.

Sasa swali lako la mwisho. Kama kuna anayekupigia kwa jina la ISO, shirika la kimataifa la viwango, jua kwamba ISO haimpi mtu yeyote cheti. Inaandika viwango, basi. Vyeti vya ISO 9001, kiwango cha usimamizi wa ubora, hutolewa na kampuni za ukaguzi, na zile za kuaminika nazo hukaguliwa na chombo cha ithibati kilicho juu yao. Mkaguzi anakuja kazini kwako, anafungua daftari lako, anawahoji vijana wako. Cheti ni cha miaka 3 na kila mwaka anarudi. Tena kampuni inayokukagua hairuhusiwi kuwa ndiyo iliyokuandalia mfumo. Hilo limo kwenye ISO/IEC 17021-1, kiwango cha kampuni zenyewe za ukaguzi. Ukiuziwa kifurushi cha "tunakuandalia na cheti juu yake", kata simu. Lakini kwa watu watatu na gari moja sioni haja, labda mteja mkubwa akitaka kwa maandishi.

Kwa fundi wa baridi kitu cha maana ni cheti cha kushika gesi za majokofu. Nchi nyingi zinakidai kisheria. Marekani kiko chini ya kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi, Umoja wa Ulaya una kanuni zake za gesi zenye florini. Hicho unafanyia mtihani, na unaweza kuufeli. Mimi ndicho ningekibandika kwenye gari.

fundi_baridi

Karani, ninacho! Kiko kwenye faili pamoja na dhamana ya pampu. Sijawahi kufikiria kumwonyesha mteja.

Yule dada amepiga tena leo. Nimemwambia sizungumzi kwa simu, aniandikie barua pepe, na nikamtumia maswali yangu: hiyo C mmeipataje, lalamiko lina namba gani, ni biashara ngapi mlizozikataa au kuzifuta mwaka uliopita na kwa sababu gani, na kama naweza kusoma masharti ya kujitoa kabla ya kulipa.

kiti_moto_cha_salon

Nafuatilia kwa sababu kwetu wanakuja kwa jina la tuzo. "Saluni bora ya mwaka", umeshinda, hongera, sasa lipia ngao na meza ya watu wanane. Nilipouliza nani walioshindwa, wakakata wao simu. 😂

sauti_ya_zamani

Hiyo ya tuzo ni chumba kilekile, karatasi tofauti tu.

Dada fundi, umefanya vizuri kuwahamishia kwenye maandishi. Kwenye maandishi yule mkali atapotea, kwa sababu hakuna atakayekubali kuandika kwamba kuna lalamiko wakati halipo. Ongeza jambo moja: waombe wafute namba yako kwenye orodha yao ya simu, utaje tarehe, ubaki na nakala. Na kama lile neno C limewekwa hadharani mtandaoni, lipige picha leo kabla halijabadilika.

fundi_baridi

Nimetafuta, C haionekani popote. Kwenye tovuti yao jina langu halipo kabisa. Nimepiga picha ya hilo pia.

Majibu yamekuja jioni. Hakuna aliyegusa swali la C, la lalamiko, wala la waliokataliwa. Masharti ya kujitoa wanasema "hutumwa pamoja na kifurushi cha kukaribishwa". Kilichoambatanishwa ni fomu ya malipo yenye jina langu tayari, punguzo la nusu, na muhuri mwekundu: hadi leo saa sita usiku.

sauti_ya_zamani

Subiri wiki moja uone bei ikishuka hadi robo. Na ombi la kufutwa namba litume hata hivyo.

rangi_na_brashi

Nimewauliza wangu. Upatanishi ni bure kwa yeyote, mwanachama au si mwanachama. Ada naambiwa ni ya "mwonekano". Sasa nahesabu upya kama nitahuisha, mwisho wa kujitoa kwao ni mwezi huu.