Naombeni ushauri: nimeandika riwaya ya kutisha kuhusu rafiki yangu wa utotoni, na mwenyewe yupo hai

Mtoto wa Njoro
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nipo Moshi, nakaribia miaka arobaini. Kuandika nilianza kwa kupoteza muda tu umeme ukikatika, sasa nina kaunta buku mbili zimejaa na sijui nifanye nini nazo.

Ni riwaya ya kutisha, ya vijana wa sekondari hivi. Ni Desemba 1997, mvua za El Niño. Watoto wanne wanacheza kombolela karibu na stesheni. Treni ya abiria imeshakufa, mabehewa yamelala njia ya pembeni, majani yameota mpaka kwenye magurudumu. Mmoja, nimempa jina la Tito, anajificha ndani ya behewa. Mvua inashuka, kila mtu anakimbilia kwao. Hakuna anayerudi kumtafuta.

Miaka inapita. Mmoja wao, mtu mzima na kitambi chake, anapita pale usiku na mkewe, anamwonyesha walipokuwa wakichezea. Kwa utani anaita, "Tayari?" Ndani ya behewa sauti ya kitoto inajibu, "Bado."

Sasa matatizo yangu. Nilimpa mpwa wangu wa kidato cha tatu asome. Akanirudishia akaniuliza, "Anko, huyo wa kwenye behewa anakuja lini? Nimefika ukurasa wa sitini bado mnatengeneza magari ya waya." Ni kweli nimekaa sana pale. Gololi, Mama na Mwana redioni, Big G moja tunatafuna watu wanne kwa zamu, ikifika kwako haina sukari hata chembe lakini unaitafuna kama mpya. Nikianza kukata naona kama nakata nyama yangu.

Jambo la pili ndilo linaninyima usingizi. Tito yupo. Tulimwacha kweli. Mlinzi alimkuta asubuhi anatetemeka, akaugua wiki nzima. Januari baba yake akahamishiwa Tanga, wakaondoka. Hatukuwahi kumwomba msamaha, tulikuwa na miaka kumi na moja. Mwezi uliopita nimemwona Facebook, anauza vipuri vya pikipiki. Nimwambie, au nichape kimya kimya maana jina nimeshabadilisha?

Bibi Kitabu
Marahaba mwanangu. Nimetunza maktaba ya shule miaka mingi, najua vitabu vinavyorudishwa vimechakaa na vinavyorudishwa vipya. Mpwa wako anasema kweli, ila usikate hiyo Big G, hata kwa panga. Itumie. Mvua imepita, mmebaki watatu, mnaigawana, jioni mnaibandika chini ya benchi kama kawaida yenu. Asubuhi mnaikuta imetafunwa, ina mate mabichi, na alama za meno yenye pengo la mbele. Nani kati yenu alikuwa na pengo la mbele? Mtoto akisoma hapo atakirudia kitabu chote kutafuta pengo lilitajwa wapi, kwa hiyo hakikisha umelitaja mapema, katikati ya magari ya waya.

Konda Mstaafu
Mkuu, mimi naishi huko huko jirani na reli. Asante kwa kuniharibia usiku.

Ila kuna kitu umekiacha. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, baada ya miaka zaidi ya ishirini. Tulijaa stesheni kama ni mkutano wa kampeni, wazee wanapiga picha, watoto wanauliza kama linauma. Umetuambia behewa limelala na majani yameota. Sasa njia inasafishwa, mabehewa yanasogezwa. Mtu aliyejificha ndani akihisi gari linatembea atajua ameonekana. Hapo ndipo aamke. Desemba mpaka Desemba, riwaya imejipanga yenyewe.

Nuru ya Asubuhi
Ndugu, hadithi za mizimu zinafungua milango. Andika ya kujenga. Watoto wetu wanaota vibaya tayari.

Bibi Kitabu
@Nuru ya Asubuhi, bibi yangu alitusimulia Wakonyingo, vile vijitu vya mlimani, kila usiku kwenye moshi wa jikoni. Na Jumapili yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kanisani.

Mangi Mdogo
Mimi niko kwenye hilo la pili. Kaka, wewe ni wa Kilimanjaro, usijifanye hujui. Mtu ukimkosea unampelekea isale, lile jani letu Wachagga la kuombea msamaha, na aliyeletewa isale kukataa ni kazi kweli kweli. Wewe unataka kumpelekea kaunta buku mbili! Atasoma, atajikuta kageuzwa jini, halafu ukurasa wa mwisho ndio akute samahani? Mpigie. Omba radhi kama mtu, usitaje kitabu. Kitabu utakitaja siku nyingine, na akisema hapana, ujue hapana.

Na hizo habari za jina nimebadilisha, achana nazo. Kila mtu aliyekulia mtaani kwenu atamjua kabla hajafungua ukurasa wa pili.

Wa Mwisho Kuonwa
Niliwahi kuachwa hivyo, Kaloleni, Arusha. Nilikuwa ndani ya pipa tupu nyuma ya gereji. Naomba nikwambie kitu ambacho naona hukijui, kwa sababu wewe ulikuwa upande wa waliokimbia.

Mtoto aliyeachwa haanzi na hofu. Anaanza na furaha. Anajua ameshinda. Kila dakika wasipomwona anajisifu, anabana pumzi, anacheka kimoyomoyo. Mimi nilikuwa nimeshapanga nitakavyotoka na nitakavyoringa. Baadaye nikasikia sahani zinaoshwa nyumba ya jirani. Watu wameshakula. Mchezo uliisha zamani na hakuna aliyenipa taarifa.

Kwa hiyo Tito wako akijibu "bado" kwa sauti ya kutisha umekosea. Ajibu kwa kicheko kilichobanwa. Bado anaamini anashinda.

Hizo kurasa sitini za utamu wa zamani ni zako wewe uliyerudi nyumbani ukala. Mpe na yeye sura moja ya ndani ya behewa.

Mtoto wa Njoro
@Wa Mwisho Kuonwa, nimeisoma mara tatu. Sina la kusema, nimefungua ukurasa mpya.

@Mangi Mdogo, nimepiga. Nilikaa na simu kama saa nzima kwanza. Akanijua kwa sauti, akaniita kwa jina la utani ambalo hata mke wangu halijui. Nikamwambia, kaka, nisamehe, ile siku ya mvua tulikuacha. Akacheka. Akasema yaliisha hayo, tulikuwa watoto, na hata hivyo mlirudi.

Nikamuuliza turudi wapi? Akasema, "Si mlirudi usiku? Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Mkazunguka behewa, mkagonga bati, mkaita tayari? Mimi nikawajibu bado. Mkaniita sana, nikajua mnataka kunitega nitoke, nikanyamaza mpaka kukakucha."

Kitabu sijamtajia hata kwa neno moja.

Wakuu, sisi hatukurudi. Mimi nilikuwa nyumbani nimejifunika kanga ya mama, nakula makande. Wale wengine wawili nimewapigia leo hii, kila mmoja kwa wakati wake. Hakuna aliyetoka nje usiku ule.

Bibi Kitabu
Alisema walikuwa wangapi?

Mtoto wa Njoro
Nilimuuliza. Alisema hakuhesabu, ila walikuwa wengi kuliko sisi.

Konda Mstaafu
Mkuu, choo changu kiko nje, upande wa reli.