Mjadala: Mwenye nyumba asipomripoti mgeni wake huko Thailand, kwa nini mpangaji ndiye anayekwama kwenye dirisha la ofisi ya uhamiaji?

MTOA MADA

Ndugu zangu, naomba tulijadili suala hili kwa utulivu, kwa sababu linawagusa wenzetu wanaofundisha, wanaosoma na wanaofuata biashara ya vito huko Thailand, na kwa sababu kila linapotajwa watu hugawanyika pande mbili kabla hawajaisoma sheria yenyewe. Hoja yangu ni kwamba sheria ya Thailand imemtwika mwenye nyumba wajibu wa kumripoti kwa uhamiaji mgeni, yaani mtu asiye raia, anayelala kwake, lakini utekelezaji umeuhamishia mzigo huo kwa mpangaji. Sipingi sheria kuwepo. Ninachopinga ni huko kuhamishwa kwa mzigo.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1979 kinamtaka mwenye nyumba, mtu anayeishika nyumba hiyo, au meneja wa hoteli, anapompokea mgeni mwenye ruhusa ya kukaa kwa muda, atoe taarifa kwa ofisa wa uhamiaji ndani ya saa 24. Fomu inayotumika ni ile maarufu kwa jina la TM30. Asiyeripoti hutozwa faini isiyozidi baht 2,000, ambazo ni takriban dola 60 za Marekani. Akiwa ni meneja wa hoteli, faini huwa kati ya baht 2,000 na 10,000. Hotelini jambo hili halina kelele yoyote: mhudumu wa mapokezi anachukua nakala ya pasipoti, taarifa inatumwa kwa mtandao, na mgeni anapanda chumbani kwake bila kujua kwamba ameshaandikishwa. Kelele zote ziko kwenye nyumba za kupanga.

Mchukulieni mwalimu aliyepanga chumba pembezoni mwa Bangkok, ambaye analipa kodi kwa wakati na ana mkataba wenye sahihi mbili. Siku ya kuomba kuongezewa muda wa kukaa inapofika, anakwenda ofisi kuu ya uhamiaji iliyoko Chaeng Watthana, anachukua namba, anasubiri, na anapofika dirishani ofisa anafungua pasipoti yake na kutafuta kipande cha chini cha ile fomu, kile chenye mhuri wa kupokelewa, ambacho kwa kawaida hubanwa kwa pini kwenye moja ya kurasa. Kisipokuwepo, na jina lake lisipoonekana kwenye kompyuta, ombi lake haliendelei. Anaambiwa arudi na nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba, nakala ya daftari rasmi la uandikishaji wa nyumba, lenye jalada la buluu, na mkataba wa pango, huku nakala za mwenye nyumba zikiwa zimetiwa sahihi kwa mkono wake. Hivi vyote ni vitu ambavyo mpangaji hana uwezo wa kuvipata mwenye nyumba akikataa kuvitoa. Faini nayo, ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba, mara nyingi hutoka mfukoni mwa mpangaji, kwa kuwa ndiye aliyesimama pale na ndiye mwenye haraka.

Na wenye nyumba hukataa kwa nini? Wengine hawaijui sheria. Wengine wanaijua vizuri mno. Mwenye kupangisha chumba chake kwa siku au kwa wiki kupitia programu za simu anafahamu kwamba pango la chini ya mwezi mmoja, bila leseni, linagongana na Sheria ya Hoteli ya mwaka 2004, kwa hiyo kumripoti mgeni ni kujiripoti mwenyewe. Mwingine hatangazi kodi anayopokea kwa mamlaka ya mapato, na hapendi jina lake lionekane katika karatasi yoyote ya serikali karibu na neno mpangaji.

Wanaoutetea utaratibu huu hutaja usalama, na siwabezi. Baada ya bomu la Agosti 17, 2015 katika hekalu la Erawan, ambalo liliua watu 20, polisi walikuta vifaa vya kutengenezea mabomu katika chumba cha kupanga huko Nong Chok, kando ya Bangkok. Serikali yoyote ingetaka kujua nani analala wapi. Lakini mwenye nia mbaya hutafuta mwenye nyumba asiyeuliza maswali, na huyo ndiye mwenye nyumba ambaye utekelezaji wa sasa haumgusi. Anayebanwa ni yule aliyejipeleka mwenyewe ofisini na pasipoti yake mkononi.

Napendekeza mpangaji aruhusiwe kila mahali kuripoti makazi yake kwa pasipoti na mkataba wa pango tu, na ombi lake lisizuiwe kwa kosa la mtu mwingine. Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa mada, umeeleza vizuri, ila umemsafisha mpangaji kupita kiasi. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka mgeni mwenyewe atoe taarifa kwa polisi ndani ya saa 24 anapohama makazi, na anayekaa zaidi ya siku 90 aripoti anwani yake kila baada ya siku 90. Mgeni naye ana wajibu, kwa hiyo si haki kusema amebebeshwa mzigo wa mtu mwingine moja kwa moja.

Pili, jambo hili linashangaza watu wa Ulaya zaidi kuliko linavyopaswa kutushangaza sisi. Aliyekulia Zanzibar anajua kwamba mgeni anayefikia mtaani anatakiwa kujulikana kwa sheha, na aliyekulia bara anamkumbuka mjumbe wa nyumba kumi. Hakuna aliyeona kwamba ameonewa.

Tatu, na hapa ndipo ninapokataa pendekezo lako, ukimruhusu mpangaji ajiandikishe kwa mkataba pekee, kesho utaona mikataba inauzwa vibandani. Mtu ataandika anwani ya jengo ambalo hajawahi kulala hata usiku mmoja, na mwenye jengo hatajua. Dawa ni mpangaji kuwa mkali kabla ya kulipa amana: asikabidhi fedha mpaka mwenye nyumba aandike katika mkataba kwamba ataripoti ndani ya saa 24 na kumkabidhi stakabadhi. Isitoshe, hali si ile ya mwaka 2019, ambapo utekelezaji ulikazwa ghafla na mtu aliyekwenda Chiang Mai kwa siku mbili alitakiwa kuripotiwa upya anaporudi kwake. Tangu katikati ya mwaka 2020, anayerejea kwenye anwani ile ile iliyokwisha kuandikishwa haripotiwi tena.

MCHANGIAJI WA PILI

Kaka yangu, ushauri wa kuwa mkali ni mzuri kwa mwenye fedha za kuchagua. Mimi nilipanga katika jengo la kondo, yaani ghorofa ambalo kila chumba kina mmiliki wake, na mwenye chumba hakuwa Mthai wala hakuishi Thailand. Sheria yao inawaruhusu wageni kumiliki hadi asilimia 49 ya eneo la vyumba katika jengo la kondo, kwa hiyo wamiliki wa namna hii si wachache. Dalali alipokea kodi, lakini nilipomwomba aripoti alisema hana hati ya uwakilishi, na mwenye chumba hakujibu barua pepe zangu. Ofisi ya jengo nayo ilisema si kazi yake. Mkataba ulikuwa na kifungu kizuri kabisa cha kuripoti, na haukunisaidia chochote dirishani, kwa sababu ofisa wa uhamiaji si hakimu wa mikataba. Niliishia kuhama nikiwa nimeacha amana yangu.

MTOA MADA

Nawashukuru nyote wawili. Nianze na hoja ya sheha, maana ina uzito. Sheha na mjumbe wako mtaani: mgeni anaweza kwenda mwenyewe akajitambulisha, na mwenyeji asipofanya hivyo sheha anajua nyumba ya kuiendea. Thailand, taarifa ya mpangaji katika ofisi nyingi haitazamwi mpaka ya mwenye nyumba iwe imetangulia, na hakuna anayekwenda kumgongea mwenye nyumba. Kifungu cha 37 ulichokitaja ndugu yangu kinanisaidia mimi: kama mgeni ana wajibu wa kujiripoti, basi apewe njia ya kuutimiza bila kumtegemea anayemkimbia.

Kuhusu mikataba ya kughushi, nakubali kwamba mkataba peke yake hautoshi, na mfano wa Ujerumani unafaa kutazamwa. Kule kila anayehamia, awe raia au mgeni, hujiandikisha mwenyewe ndani ya wiki mbili. Kwa kuwa watu walikuwa wakijiandikisha katika anwani za uongo, tangu Novemba 2015 mwenye nyumba anatakiwa tena kumpa mpangaji barua ya kuthibitisha kwamba amehamia. Akikataa, mpangaji anaijulisha ofisi ya uandikishaji mara moja, na mwenye nyumba anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000. Narekebisha pendekezo langu lifanane na hilo: mpangaji aripoti, ataje jina la mwenye nyumba aliyekataa, apewe stakabadhi siku hiyo hiyo, na ofisi imfuate mwenye nyumba kwa faini ambayo sheria imeshaiweka tangu mwaka 1979. Kwa kuwa uhamiaji wa Thailand ni kitengo cha polisi, hawakosi watu wa kutuma.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Kwa sura hiyo naweza kukubali, kwa masharti mawili. Stakabadhi ya mpangaji iwe ya muda, tuseme siku 30, mpaka ofisi ithibitishe kwamba kweli anaishi pale. Na faini ya mwenye nyumba isibaki baht 2,000, kwa sababu kiasi hicho ni chini ya kodi ya wiki moja katika vyumba vingi vya katikati ya Bangkok, na mtu anayekwepa kodi ya mapato atailipa huku anacheka. Hoja ya dada hapo juu kuhusu wamiliki walio nje ya nchi bado naiona haijapata jibu, maana faini haimfikii mtu ambaye hayupo. Pengine jengo lenyewe ndilo liwajibishwe, kwa kuwa ofisi ya jengo ndiyo inayotoa kadi za kufungulia mlango na inajua kila usiku nani ameingia.